Kabla Hujaifungua Kabureta

Ndugu zangu wenye pikipiki, na ninyi mnaojiandaa kuwa nazo, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie matunzo na matengenezo ya pikipiki ndogo nyumbani, hizi za silinda moja, cc 100 hadi 150, zinazotumia kabureta. Mazungumzo ya namna hii kwa kawaida huanza na oili, yakaenda kwenye cheni, yakaishia kwenye upepo wa matairi. Mimi nitaanza na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini, kwa sababu hakuna kifaa kwenye pikipiki kinachosingiziwa kuliko hicho.

Pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi, kabureta. Ikizima kwenye kilima, kabureta. Ikila mafuta, ikitoa moshi, ikikosa nguvu, anayepita wa kwanza atasema "safisha kabureta", na wa pili atachukua bisibisi aanze kuzungusha skrubu. Sababu yake inaeleweka. Kabureta iko nje, mkono unaifikia, na skrubu zake zinamkaribisha kila mwenye bisibisi. Tapeti, zile skrubu za kurekebisha valvu ambazo ndizo milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi, zimefunikwa, tundu la hewa la tenki halionekani, plagi inayotoa cheche mpaka uitafutie spana yake. Basi mkono unakwenda penye wepesi. Pikipiki iliyofika na kasoro moja inaondoka na mbili: ile ya mwanzo, na kabureta iliyovurugwa.

Ninachowaomba leo ni kwamba kabureta ifunguliwe mwisho, baada ya kuthibitisha kwamba vyote vilivyo kabla yake ni vizima. Ukilishika hilo, kazi nyingi utazimaliza mwenyewe ukiwa na spana chache, na kabureta nyingi hutazigusa kabisa.

Injini ya petroli inataka mambo manne: mafuta, hewa, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, ile kompresheni mnayoisikia mguuni mnapopiga kiki. Kabureta inahusika na mawili tu ya kwanza, tena si yote. Mafuta yanaifikia kutoka kwenye tenki kupitia koki, ile swichi ya kufungia na kufungulia mafuta, na mpira. Hewa inaifikia kupitia chujio. Kwa hiyo hata pale shida inapokuwa ya mafuta au ya hewa kweli, bado kuna vitu vya kukagua kabla yake, na karibu vyote ni rahisi kuliko yenyewe.

Nisemee petroli kwanza, maana hapa sina utani. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mahali penye joto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi ukapotea. Unatambaa chini sakafuni mpaka ukutane na jiko, sigara au cheche ya swichi, hata chumba cha pili. Kazi yoyote ya kufungua mpira wa mafuta ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, watoto wakiwa mbali. Na pikipiki isiungurumishwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache za kupima. Moshi wake una kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, na inayemuua hajui kama anakufa.

Haya, tuanze juu kabisa, kwenye kifuniko cha tenki. Kina kijitundu cha kupitisha hewa, kwa sababu mafuta yanapoteremka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Kijitundu kikizibwa na vumbi lililochanganyika na matope, hewa haiingii, na mafuta yanateremka kwa shida mpaka yanakatika. Dalili zake ni hizi. Pikipiki inawaka vizuri, inakwenda kilomita kadhaa, kisha inaanza kukwama na kuzima. Unasimama, unaongea na simu kidogo, unapiga kiki, inawaka utadhani hakukuwa na shida yoyote. Kilomita chache tena, yaleyale. Watu wengi wamefunguliwa kabureta mara kwa mara kwa ugonjwa huu. Siku ikikuzimia namna hiyo, usiguse kitu kingine: fungua kifuniko cha tenki palepale. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa sauti kuingia ndani, na pikipiki ikawaka mara moja, jibu umelipata. Kioshe kifuniko kwa maji ya sabuni, zibua kijitundu kwa sindano nyembamba, kikaushe, mambo yameisha.

Kama si hapo, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chombo, kisha fungua koki. Mafuta yanatakiwa yatoke kwa mkondo usiokatika. Yakitoka kwa matone, kabureta haina kesi: tazama chujio dogo lililomo ndani ya koki, tazama kutu ndani ya tenki. Halafu kabureta yenyewe ina skrubu ya kumwagia mafuta chini ya bakuli lake, na hiyo unaweza kuilegeza bila kufungua kingine chochote. Mwaga mafuta hayo kwenye chupa ya kioo safi, uiache itulie, kisha uiinue kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yamo utayaona yamejikusanya chini kabisa, matone ya duara yanayoteleza ukiinamisha chupa na yanayokataa kuchanganyika. Hata kijiko kimoja cha maji kinatosha kukunyima usingizi. Mara nyingi hujitokeza unapogeuzia koki kwenye akiba, maana akiba huchota sehemu ya chini kabisa ya tenki, ambako maji na takataka hukaa.

Mafuta yakiwa sawa, nenda kwenye plagi. Plagi inakaa ndani ya chumba cha moto, kwa hiyo yote yanayotendeka humo imeyaona. Kabla ya kuifungua, safisha pembeni yake kwa brashi au kitambaa, ili mchanga usidondokee ndani ya silinda. Ikitoka, itazame ncha kwa utulivu. Rangi ya kahawia, au kijivu kilichoelekea kahawia, ni afya. Masizi meusi makavu yanayochafua kidole yanasema mafuta yamezidi hewa. Weusi wenye unyevu wa oili unasema oili inapanda chumbani, kupitia ringi za pistoni au sili za valvu, na hapo kabureta ungeisafisha mpaka mwakani bila faida. Weupe mkavu, hasa ukiwa na vijidoa vya kuyeyuka, unasema mafuta ni machache kuliko hewa na injini inaungua. Hilo la mwisho lisisubiri kesho.

Kupima cheche, ichomeke plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, mbali na tundu ulikoitoa ili mvuke wa mafuta usishike moto, kisha piga kiki. Cheche nzuri ni ya bluu na inalia. Ya njano iliyofifia haitoshi. Ni muhimu plagi iguse chuma barabara, kwa sababu umeme ukikosa njia ya kurudi unaweza kuharibu CDI, kisanduku kinachopanga wakati wa cheche, au koili inayokuza umeme wake. Ukikosa cheche, usikimbilie kununua koili. Kofia ya plagi mara nyingi hufunguka kwa kuizungusha kutoka kwenye waya wake. Ifungue, kata milimita 5 hivi za waya uliooza, irudishe. Pikipiki zinazosumbua siku za mvua tu na kupona jua likiwaka, mara nyingi ugonjwa wake uko kwenye kofia hiyo au waya wake.

Mwanya wa plagi kwenye pikipiki hizi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, kitabu cha pikipiki yako kitataja wako. Na unapoirudisha, izungushe kwa vidole mpaka ikae, spana ije mwisho. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu na plagi ni ya chuma, na nyuzi zikipishana atakayeumia ni aluminiamu. Ikishakaa, plagi mpya inataka kama nusu mzunguko wa spana ili washa yake ibanwe, iliyokwisha kutumika inataka robo au pungufu.

Chujio la hewa sitalizungumzia sana kwa kuwa kazi yake ni nyepesi. La sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likamue kwa kulibana bila kulisokota, likauke kabisa, kisha lipakwe oili kidogo na kukamuliwa tena. La karatasi lisioshwe, ligongwe vumbi litoke, likichakaa libadilishwe. Nitakachosisitiza ni kwamba wanaotoa chujio ili pikipiki "ipumue" wanaiua. Vumbi linalopita linakwangua ukuta wa silinda na ringi, na hewa iliyozidi inavuruga ule uwiano ambao kabureta ilipimiwa kiwandani. Petroli ili iungue vizuri inahitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake, na kila jeti, yaani kipande chenye kijitundu cha kupimia mafuta, ndani ya kabureta ilichaguliwa kwa kuhesabu kwamba chujio lipo.

Sasa tukae kidogo kwenye tapeti, kwa sababu naamini hapa ndipo pikipiki nyingi zinapoteseka kimyakimya. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja. Kati ya valvu na mkono unaoisukuma kuna mwanya mwembamba sana ulioachwa makusudi, kwa kuwa chuma kikipata moto kinatanuka. Kwenye Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 na ambayo injini nyingi ndogo za leo zimefuata muundo wake, mwanya huo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Nyingine ndogo huwa kati ya 0.05 na 0.10. Ni unene wa karatasi ya kuandikia, au pungufu.

Wengi wanadhani tapeti ni suala la kelele: zikigonga ni mbaya, zikinyamaza ni nzuri. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Tapeti iliyolegea inapiga kelele na kukuudhi, lakini valvu inafunga. Iliyobana haitoi sauti, na valvu haifungi mpaka mwisho. Kompresheni inavuja, moto unapenya pembeni ya valvu ya ekzosi na kuiunguza ukingo wake. Na baadhi ya injini mwanya hupungua wenyewe kadiri valvu inavyojichimbia kwenye kiti chake. Matokeo ni pikipiki inayozidi kutulia huku ikizidi kuwa ngumu kuwaka. Kiki inakuwa nyepesi mguuni. Haikai sailensi, yaani ukiachia mkono wa mafuta inazima badala ya kuunguruma taratibu. Mwenyewe anapandisha skrubu ya sailensi ili isizime, wiki inayofuata anaipandisha tena, na hatimaye anapeleka kabureta ikasafishwe. Kabureta hiyo haikuwa na uchafu hata chembe.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Injini iwe imepoa kabisa, ikiwezekana imelala usiku kucha. Toa plagi ili izunguke kwa urahisi, fungua vifuniko viwili vya tapeti, kisha fungua kifuniko cha upande wa sumaku, lile gurudumu linalozunguka pamoja na injini, ili uweze kuizungusha kwa spana, kufuata upande inaozungukia yenyewe. Kwenye sumaku kuna alama ya herufi T. Ilinganishe na alama ya kwenye kasha. Shika mikono yote miwili ya valvu kwa vidole uitikise: ikicheza kidogo yote miwili, pistoni iko juu kwenye mgandamizo na hapo ndipo pa kupimia. Kama mmoja umebana, zungusha duara moja kamili ufike tena kwenye T. Wengi hukosea hapo, wakarekebisha tapeti wakati valvu imesukumwa, wakaiharibu kabisa.

Ingiza geji ya kipimo chako, yaani kibamba chembamba cha unene huo, kwenye mwanya. Inatakiwa ipite huku ukihisi inashikwa kidogo, isiteleze tu na isikwame. Legeza nati, rekebisha, kaza nati huku umeishikilia skrubu isizunguke, kisha pima tena. Rudia kupima hata kama una haraka, kwa sababu kukaza nati mara nyingi hubadilisha mwanya uliokwisha kuupata.

Umefanya yote hayo na pikipiki bado inasumbua? Basi sasa kabureta inaweza kuhojiwa. Na ikiwa na kosa kweli, inajieleza yenyewe, mradi ujue nani ndani yake anafanya kazi saa ngapi. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inaongeza kasi, shinikizo lake linashuka, na mafuta yaliyo kwenye bakuli yanavutwa juu kupitia matundu ya jeti. Injini ikiwa kwenye sailensi mpaka robo ya kuvuta mkono, jeti ndogo ndiyo inayolisha. Katikati ni sindano inayoning'inia kwenye silaidi, kile kipande kinachopanda ukivuta mkono na kushuka ukiuachia. Ukivuta mpaka mwisho ni jeti kubwa. Kwa hiyo pikipiki inayozima ukiachia mkono lakini inakimbia vizuri ikivutwa, jeti yake ndogo imeziba. Inayotulia vizuri ikikosa pumzi kwenye mwendo wa juu, tazama jeti kubwa, au rudi kwenye mtiririko wa mafuta. Inayokubali kukimbia choki, kile kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ya baridi, ikiwa imefungwa tu inalilia mafuta: ama jeti ndogo imeziba, ama kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, kwenye mpira au gasketi iliyopasuka kati ya kabureta na injini. Kulitambua hilo la pili, nyunyizia maji kidogo kwenye kiungo hicho injini ikiunguruma. Mlio ukibadilika, hewa inaingilia hapo.

Unapoifungua, funga koki, mwaga mafuta ya bakuli, piga picha kwa simu kila hatua. Tandika kitambaa cheupe, maana skrubu hizi ni ndogo na zina tabia ya kupotea. Jeti ni za shaba nyeupe laini, kwa hiyo bisibisi iwe ile inayojaa mfereji wake kamili. Ikiteleza mara moja tu, umeharibu kichwa cha jeti na kuitoa itakuwa taabu. Ichukue jeti ndogo, ielekeze kwenye mwanga, uchungulie. Tundu lake ni kama milimita 0.35 hadi 0.40. Likiwa safi unaona nukta ya mwanga ya duara kamili, yenye kingo kali. Likiwa chafu, nukta ni ya pembepembe au haipo kabisa. Uchafu wenyewe mara nyingi ni petroli iliyozeeka, iliyokauka ikaacha utando wa gundi ya kahawia. Hii ndiyo sababu pikipiki itakayokaa zaidi ya mwezi bila kutumika inatakiwa imwagwe mafuta ya bakuli.

Msizibue jeti kwa waya. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona jeti nyingi mno zilizochimbwa. Waya wa chuma unapanua tundu, na tundu likiongezeka sehemu chache tu za milimita, mafuta yanayopita yanabadilika na hutajua kwa nini pikipiki imeanza kula. Tumia dawa ya kusafishia kabureta, iache ilowe, kisha puliza hewa. Vaa miwani, dawa ile inarudi usoni kupitia tundu usilolitarajia. Ikishindikana, nyuzi laini ya nailoni inaruhusiwa. Na jeti mpya haijawahi kuwa kitu cha kuogopa kununua.

Skrubu ya mchanganyiko nayo ina utaratibu wake. Kabla ya kuitoa, ikaze polepole mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe. Isikazwe kwa nguvu, ncha yake ni sindano na itaacha jeraha kwenye kiti. Kwa kawaida huanzia mzunguko mmoja na nusu hadi miwili na nusu kutoka kwenye kukaza. Halafu tazama imekaa wapi. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: kuilegeza kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio, inapima hewa: kuilegeza kunapunguza mafuta. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima kuhusu upande wa kuzungusha, wote wakiwa sahihi, kila mmoja kwa kabureta yake. Irekebishe injini ikiwa imepata moto barabara. Tafuta pale inapozunguka kwa kasi na ulaini zaidi, kisha ishushe kwa skrubu ya sailensi mpaka kama mizunguko 1,400 kwa dakika.

Unaporudisha silaidi, ina mfereji unaoingia kwenye pini ndogo ndani ya kabureta. Ikirudishwa kinyume haishuki mpaka chini, na injini itawaka ikiwa na resi ya kutisha. Kwa hiyo kabla ya kupiga kiki, vuta mkono wa mafuta uuachie, usikie mlio wa silaidi kugonga chini. Usiposikia, usiwashe.

Kuna kosa moja ambalo ni la kabureta peke yake, nalo ni kufurika. Floti, boya dogo lililomo ndani ya bakuli, inapanda mafuta yakijaa, inasukuma kijisindano kinachofunga mlango. Kijisindano kikichakaa au kikibanwa na chembe ya uchafu, mafuta yanaendelea kuingia na kumwagika kwenye mpira wa chini. Kugonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi huweza kuiachia chembe hiyo. Lakini kama pikipiki imelala koki ikiwa wazi na kabureta imefurika, kagua oili kabla ya kuwasha. Mafuta yanaweza kupita kwenye valvu, yakashuka mpaka kwenye oili. Ukiona kiwango kimepanda na oili inanuka petroli, imwage yote. Petroli inaifanya oili iwe nyepesi, na injini itasagana chuma kwa chuma. Ndiyo maana nasema koki ifungwe kila pikipiki inapolala.

Oili hiyo, tena, ni kidogo mno kwa kazi iliyonayo. Karibu lita moja inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Nunua yenye alama ya JASO MA au MA2, ambayo imepimwa kwa klachi inayoogelea ndani ya oili. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano inateleza. Fuata kitabu chako kuhusu kilomita. Kwa injini nyingi za aina hii ni kila 2,000 hadi 3,000, na injini mpya inamwagwa mapema zaidi, kati ya 500 na 1,000. Imwage ikiwa na uvuguvugu ili itoke na uchafu wake, na ukumbuke chujio la wavu lililo chini ya injini, ambalo wengi hawajui kama lipo. Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni. Ihifadhi kwenye dumu uipeleke kwa anayeikusanya, na uinawe mikononi, ni mbaya kwa ngozi.

Cheni icheze kati ya milimita 20 na 30 ikipimwa katikati, lakini zungusha gurudumu kwanza utafute pale inapobana zaidi, maana cheni hailegei sawasawa. Ukivuta ekseli nyuma, alama za kushoto na kulia zilingane. Breki ya nyuma ya shuu ina mshale unaoonyesha mwisho wa uchakavu. Ukiufikia, shuu zibadilishwe, kukaza nati ya breki hakusaidii tena. Vumbi la humo lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa mdomo. Na bolti ndogo za injini, zile za milimita 6, zinataka nguvu ya nyutoni mita 10 tu, ambayo ni spana fupi na mkono usiojikaza. Nyuzi za aluminiamu zikikatika, kazi ya dakika 10 inageuka ya siku mbili.

Zipo kazi za kumwachia fundi mwenye vifaa: kuchonga silinda, kusaga viti vya valvu, beringi za kranki, gia zinazoruka. Hakuna aibu katika hilo. Ila ukimpelekea, mficha maradhi kifo humuumbua. Mweleze pikipiki inazima ikiwa na moto au ikiwa imepoa, ukivuta au ukiachia, choki ikiwa imefungwa au imefunguliwa. Mpe plagi aione kabla hujaisafisha. Mwambie ni skrubu gani umeigusa na umeizungusha mara ngapi. Kama umekwisha kupima kifuniko cha tenki, mtiririko wa mafuta, cheche na tapeti, mtajie na matokeo yake, ili asianze na kabureta.